Jua Lililopakwa Majivu

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuta kicheko aende kwa jirani, maana hapa leo hakipo. Nasimulia kama nilivyosimuliwa na shangazi yangu, naye alisimuliwa na watu ambao hawakupenda kuisimulia.

Zamani, katika nchi yetu ya Lwangu, huku juu milimani ambako ukungu huamka kabla ya watu, mtu akifa jembe halikugusa ardhi. Waliofiwa walichota majivu jikoni wakajipaka usoni, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, na majirani wote wakapandisha majembe yao darini. Hakuna aliyelima, aliyepanda wala aliyepalilia mpaka mfiwa mkuu aliposhuka mtoni kunawa uso. Jembe pekee lililoruhusiwa kushuka lilikuwa la kuchimbia kaburi. Kulima mbele ya mwenye majivu usoni kulikuwa sawa na kumcheka. Inasemekana mtu mmoja alipalilia maharage yake wakati jirani yake akiwa katika kilio, na watu wakamhamisha yeye pamoja na maharage yake.

Msiione desturi hiyo kuwa ya kijinga. Ilikuwa nzuri. Ukifiwa, ulijua hakuna atakayepita mbele ya mlango wako na jembe begani kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu walikuja, wakaketi nawe, wakanyamaza nawe. Na kwa nini wasifanye hivyo? Ardhi ilikuwa na rutuba, jua lilikuwa la kutosha, na maghala yalijaa ulezi wa msimu huu juu ya ulezi wa msimu uliopita. Kuwa na adabu ukiwa umeshiba si kazi kubwa.

Jua lenyewe walilihesabu kuwa jirani. Asubuhi walilisalimu kama unavyomsalimu mtu wa nyumba ya pili, na jioni walilitakia safari njema. Halikuwa mungu wao, na hawakulichinjia kitu. Lilikuwa jirani mwema aliyetoa bila kuombwa, na jirani wa namna hiyo hulipwa kwa heshima.

Basi msimu mmoja, watu wakiwa wananoa majembe kungojea mvua za kwanza, ardhi ilinguruma. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu, na bado ngurumo zilisikika, tena zikitoka chini ya miguu na si juu ya vichwa. Vyungu viligongana jikoni. Mbwa walikataa chakula. Halafu kukawa kimya, na baada ya kimya upepo wa kaskazini ukaleta vumbi laini la kijivu. Likatua juu ya majani ya migomba na juu ya migongo ya ng'ombe, jembamba kama unga unaobaki kwenye jiwe la kusagia. Wanawake walilifagia huku wakinung'unika, wakadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Siku zilizofuata jua lilichomoza na uso wa kijivu. Ungeweza kulikodolea macho saa sita mchana na usipepese. Lilipanda polepole, likapita juu ya vichwa vya watu bila kumpa mtu joto, likashuka. Likishazama, upande wa magharibi ulibaki mwekundu kama nyama mbichi, na wekundu huo ulichelewa kuondoka. Watoto waliufurahia mwanzoni, kisha wakaanza kuuogopa.

Baridi iliingia ndani ya nyumba ikakaa. Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri ambayo kwetu ilijulikana vileleni tu, ilishuka mpaka mabondeni, na maboga yaliyolala ya kijani yaliamka meusi. Nyuki walihama mizinga. Mvua iliyongojewa ilikuja kama manyunyu ya barafu, ikalowesha ngozi ya ardhi tu na kuondoka. Ng'ombe walisimama malishoni wakiwa wamegeuzia upepo migongo, na maziwa yakakatika.

Mtawala wetu, tuliyemwita mwene, wakati huo alikuwa Mbalile. Angekuwa dhalimu, hadithi hii ingekuwa rahisi, maana watu wangemsengenya na kufanya yao. Lakini Mbalile alikuwa mtu mpole, msikivu, ambaye hakuwahi kukosa kwenye kilio cha mtu hata awe maskini namna gani. Watu walimpenda, na hapo ndipo tulipoponzeka.

Wachuuzi wa chumvi waliopita wakielekea ziwani walimweleza walichosikia. Mbali huko kaskazini, walisema, mlima mkubwa umepasuka kichwa, umetapika moto, umebomoka, na mahali uliposimama sasa ni shimo linalofuka moshi. Mwene alisikiliza mpaka mwisho. Aliwapa wachuuzi maji, akawashukuru, akatoka nje na kulitazama jua kwa muda mrefu. Kisha akawaita watu.

"Mlima ule umekufa," aliwaambia. "Jua ndilo lililoulea. Kila asubuhi lilianza kuushika kichwani kabla halijatufikia sisi. Sasa tazameni uso wake. Majivu yale mnayajua. Jirani yetu amefiwa."

Watu walitazama, na hakuna aliyecheka. Shangazi yangu alikuwa akifika hapa anatikisa kichwa, kwa sababu kila mmoja aliyatazama yale majivu na kuyaona kwa macho yake. Siku hizi watoto wa shule wananiambia kwamba ni moshi na vumbi la mlima lililopanda juu sana, likatanda huko mbinguni na kulizuia jua, na kwamba mlima mmoja ukilipuka vizuri unaweza kuzipoza nchi ambazo hazijawahi hata kusikia jina lake. Sibishani nao. Majivu yalikuwa majivu kweli. Kosa letu lilikuwa kudhani yamepakwa kwa kilio, na kwamba yanatudai adabu.

Majembe yakapandishwa darini nchi nzima. Tukakaa, tukamngoja jirani anawe uso.

Mwene Mbalile alikuwa na mkamwana, mke wa mwanawe, jina lake Nyandula. Alikuwa ameolewa kutoka vilima vya juu kabisa, kule ambako baridi ni mwenyeji na jua ndilo mgeni. Alipoletwa alikuja na kibuyu cha mbegu ya ulezi wa kwao, ulezi mfupi, mweusi, usio na sura. Watu wa Lwangu waliutania sana. Walisema ukiupanda huo hata ndege watakuonea huruma. Lakini ulikuwa ulezi uliozoea baridi, na kila mwaka Nyandula alipanda kipande kidogo nyuma ya nyumba ili mbegu isipotee. Mumewe alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda ziwani kuwabadilisha na chakula, na alikuwa hajarudi. Nyandula alibaki na mtoto wao mmoja, Lugano, msichana mdogo wa umri wa kung'oka meno ya mbele.

Nyandula aliujua wajibu wake, na alijua pia ugumu wake. Kwetu mkamwana hakumtazama baba mkwe usoni wala hakusema naye. Akimwona njiani aliingia vichakani mpaka apite. Neno la lazima lilipitishwa kwa mama mkwe, na mama mkwe wa Nyandula alikuwa kaburini tangu zamani. Ilibaki njia moja. Mkamwana aliketi kwenye jiwe la kusagia upande mmoja wa ukuta wa matete, mkwe akiwa upande wa pili, akaliambia jiwe. Mkwe naye aliijibu nguzo ya mlango.

"Jiwe," alisema Nyandula, akisaga mizizi ya migomba maana nafaka ilikuwa imeadimika, "kama kuna anayesikia, mwambie mbegu ya kwetu huota hata kwenye baridi hii. Kibuyu kimejaa. Ikipandwa sasa, unyevu huu mdogo unaitosha."

"Nguzo," mwene alisema, "mwambie mama Lugano nimesikia, wala sina hasira. Lakini jirani ana majivu usoni. Akimaliza kilio akakumbuka kwamba tulilima machoni pake, atatuangazia tena kwa moyo gani?"

"Jiwe, muulize, na kilio chake kikiwa kirefu kuliko ghala letu?"

"Nguzo, mwambie jua halijawahi kutunyima kitu. Tusiwe sisi wa kwanza kulikosea. Litanawa. Avumilie kidogo."

Nyandula alikuwa amelelewa vizuri, akavumilia kidogo. Kesho yake aliliambia jiwe tena, na wiki iliyofuata tena, na kila mara nguzo ilijibiwa kwa upole ule ule. Huwezi kugombana na mtu anayekukatalia kwa sauti ya chini. Na kulima kwa kificho hakukuwezekana, kwa kuwa udongo uliopinduliwa hujionyesha wenyewe.

Maghala yakaisha. Watu walikula ng'ombe waliokonda, wakala mizizi, wakachemsha ngozi za kukalia. Wazee walianza kufa, na kila nyumba iliyofiwa ilijipaka majivu, na kila majivu mapya yalikuwa sababu nyingine ya kuacha jembe darini. Mnaona jinsi lilivyokuwa shimo? Kadiri watu walivyokufa ndivyo wengine walivyozuiwa kupanda, na kadiri walivyozuiwa ndivyo walivyokufa.

Lugano alijua kibuyu kilipo. Kilining'inia darini juu ya mkeka wake, na akilala chali alikitazama.

"Mama, nipikie kidogo tu," alisema.

"Ile ni mbegu, mwanangu. Tukiila leo, kesho hatuna."

"Kwa hiyo kesho tutaila?"

"Kesho tutaipanda," Nyandula alijibu, na hakuwa anadanganya. Kila siku aliamini kwamba leo mwene atakubali, na akajiambia kwamba mwene akikubali na kibuyu kikawa kitupu, nchi nzima itakuwa imekufa mkononi mwake. Alimpa mtoto maji ya moto yenye majani. Alimpa fungu lake la mizizi na yeye akafunga tumbo kwa kitambaa. Mbegu hakumpa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sitajaribu kuwaeleza uchungu wa mzazi anayekaa chini ya chakula na mtoto mwenye njaa.

Lugano alikufa asubuhi moja, jua likiwa limetoka na uso wake ule ule. Hakulia wala hakuomba kitu. Kibuyu kilikuwa juu yake, kimejaa mpaka shingoni.

Walimchimbia nyuma ya nyumba, karibu na kile kipande ambacho mama yake alizoea kupanda. Nyandula alichota majivu akajipaka uso wote. Majirani waliketi chini, wachache, kwa sababu wengi walikuwa hawawezi tena kutembea. Kaburi lilipofukiwa, mchimbaji alilifuta udongo lile jembe ili alirudishe darini. Nyandula alinyoosha mkono akalichukua. Yule mtu alimwachia, akidhani anataka kusawazisha udongo wa mwanawe. Nyandula alisogea hatua chache pembeni, akainua jembe, akaanza kulima.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Kisha wanawake wakafunika nyuso zao. Mtu mmoja akakimbia kumwita mwene, ambaye kwa adabu ya mkwe alikuwa ameketi mbali, upande wa pili wa nyumba, akimlilia mjukuu wake peke yake. Mbalile alikuja akiwa amesahau nguzo na kila kitu.

"Mama Lugano," alisema, "weka jembe chini. Jirani anakutazama."

Nyandula aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimtazama baba mkwe wake usoni, na hakushusha macho.

"Anitazame, baba. Yeye amefiwa, na mimi nimefiwa. Kati yetu nani anamcheka mwenzake?"

Mwene alilitazama kaburi.

"Tulifundishwa kwamba asiyefiwa asilime mbele ya aliyefiwa," Nyandula aliendelea. "Leo mwenye kilio hapa ni mimi. Kama kulima ni kumkosea mtu adabu, anayekosewa ni mimi, na mimi nimeruhusu. Jua litanawa likitaka. Mwanangu hanawi tena."

Alirudia kulima. Alipomaliza tuta moja, aliingia ndani, akatoka na kibuyu, akasia mbegu mbele ya watu wote, akaifunika kwa mguu. Mbegu nyingine zilimponyoka zikaanguka mahali pasipolimwa. Aliinama akaziokota moja moja.

Mwene Mbalile alisimama pale mpaka akamaliza kuokota. Kisha aliinama kwenye jiko la nje, akachota majivu, akajipaka usoni. "Na mimi ni babu yake," alisema. "Nileteeni jembe langu." Sauti haikuwa ya mwene. Ilikuwa ya mzee yeyote aliyechoka.

Ndipo watu walipotazamana na kuona kwamba hakukuwa na uso usio na majivu. Hapakuwa na nyumba hata moja isiyofiwa. Kama neno la Nyandula lilikuwa sahihi, na hakuna aliyeweza kulipinga, basi wangeweza kulima tangu maziko ya kwanza. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Walikwenda kushusha majembe, na Nyandula akawagawia mbegu kwa kiganja, kila nyumba kidogo kidogo, mpaka kibuyu kikabaki na sauti ya upepo.

Ningependa kuwaambia kwamba jua lilifurahi, au kwamba lilikasirika. Halikufanya lolote. Liliendelea kupita na uso wa kijivu wakati ulezi ukichipua, wakati ukipaliliwa, na hata katika msimu uliofuata. Ule ulezi mweusi ulikua polepole, ukazaa kwa ubahili, ukawaokoa waliobaki. Nusu ya nchi ilikuwa imekwisha kufukiwa. Uso wa jua ulisafika kidogo kidogo, hivi kwamba hakuna aliyeweza kutaja siku ambayo lilinawa. Mume wa Nyandula hakurudi, na habari zake hazikupatikana.

Kule kutojali kwa jua ndiko kulikomvunja mwene. Alikuwa tayari kwa adhabu, na adhabu haikuja. Shangazi yangu alisema kwamba mzee alikaa nje kila siku akilitazama, mpaka akaugua. Karibu na mwisho wake alisema, "Tuliliheshimu, nalo halikujua kama tupo." Alikufa kabla ulezi haujakauka shambani. Waliomzika walilima siku hiyo hiyo, majivu usoni.

Ulezi ulipokomaa, Nyandula alivuna lile tuta la kando ya kaburi peke yake. Alipura, akapepeta, akasaga, akapika uji chungu kizima. Kisha aliwaita watoto wa majirani, waliobaki, wakaja na vibuyu vyao wakanywa mpaka wakajilamba vidole. Mwanamke mmoja alimjazia bakuli, akampelekea alipokuwa amesimama.

"Kunywa na wewe, dada," alimwambia. "Ni jasho lako."

Nyandula alilipokea bakuli, akalirudisha. "Huu ulikuwa wake," alisema. "Nilimnyima ukiwa mbegu. Siwezi kuunywa ukiwa uji."

Na tangu siku hiyo, huku Lwangu msiba haupandishi jembe darini. Kaburi likishafukiwa, mfiwa hupewa lile lile jembe lililochimba, na majivu yakiwa bado usoni hulima tuta moja na kusia ulezi mweusi, nasi majirani tukilima nyuma yake bila kusema neno. Wageni wakituona husema tuna roho ngumu, na sisi huwaacha waseme. Tuta hilo likikomaa, mfiwa huvuna, hupika uji, huita watoto wa wenzake wanywe, na yeye hauonji. Kwa hiyo ukipita kwetu wakati wa mavuno ukaona watoto wamezunguka chungu, na pembeni yao mtu amesimama mikono mitupu akiwatazama, msalimu kwa upole upite. Usimwulize kama ameshiba.